Askari Aliyepita Juu ya Chetezo

Nyinyi wasichana mliozipokea kamera zangu, kaeni chini msome. Mmenambia niandike, nami nimeandika kwa mkono wangu, na mkono huu uliikimbia skuli mapema, kwa hivyo pakikosewa herufi mtanyamaza. Sitaandika nilipanda cheo gani, maana hapakuwa na cheo, wala nililipwa nini, maana hayo ni yangu na mume wangu. Nnaandika kazi ilivyokuwa. Nimestaafu juzi tu, na tayari nnasikia mnaingia kwenye harusi za wanawake na kamera mbili mbili, bila ya kuuliza nani mle ndani hataki kupigwa. Basi someni.

Kazi yangu ya mwanzo haikuwa kamera. Ilikuwa kuchekesha. Huko Unguja shughuli ya wanawake haikutimia bila ya mtu wa kuwavunja watu mbavu, na aliyenifunza mimi ni Bi Mize, mwanamke mfupi, mnene, mwenye sauti kama anamwita mtu mtaa wa pili. Akiigiza wanaume: karani wa forodhani, mwalimu wa chuo cha Kurani, bwana mwenye wake wawili anayetaka kulala mapema. Siku ya kwanza nilikwenda kwake nimeshajibandika masharubu, nikitaraji kusifiwa.

"Vua," akanambia. "Masharubu yatafanya nini na miguu yako bado ni ya mwanamke aliyebeba ndoo? Tafuta miguu kwanza. Uso utakuja wenyewe."

Nikawa nakaa dirishani nikitazama miguu ya wanaume wanaopita. Mama yangu alidhani nimeangusha kitu njiani.

Mwaka wa sitini na nne tukaja Maskati. Yaliyotokea Unguja mmeyasikia kwa wazee wenu, siyarudii. Wengi walizuiliwa kuingia. Sisi tuliingia kwa kuwa baba wa mume wangu, Seif, alikuwa na nyumba Mutrah, ubavuni pa Maskati, tangu zamani. Tulikuja mimi, Seif, dada yake Zuleikha, na Salma, binti wa marehemu dada yangu, niliyemlea mwenyewe tangu hajaota meno. Mshikeni huyo Salma, maana ndiye aliyekaribia kuilipia kazi yangu.

Mutrah ya siku zile msiifananishe na hii mnayoipita na magari. Umeme kwetu hakuna, barabara hakuna, sinema haitajwi. Maskati mjini lango likifungwa usiku, na aliyetembea baada ya hapo lazima ashike kandili ajulikane. Nilikuja na kanga zangu na vichekesho vyangu. Kanga zilifaa. Shughuli ya kwanza niliyoalikwa, ya kupaka hina, nikamtoa yule karani wa forodhani. Wanawake wa Mutrah wakanitazama kwa adabu. Mmoja akamuuliza Zuleikha, "Dada yako anaumwa?"

"Si dada yangu, ni wifi yangu," Zuleikha akamjibu, akaendelea na kahawa yake.

Nikaelewa kuwa hapa hakuna anayemjua karani wa forodhani. Inanibidi nitafute miguu mipya. Nikaipata langoni Maskati, siku moja tulipochelewa kutoka kumzuru jamaa. Askari mzee akatusimamisha. Akiuburura mguu wa kushoto, si kwa maradhi, kwa kutaka asikike anakuja. Akainua kandili yake mpaka puani pa Seif, akaitazama kandili ya Seif kama kwamba hiyo ndiyo msafiri na Seif ni mzigo wake.

Shughuli iliyofuata nikafunga kilemba, nikabandika ndevu za manyoya ya mbuzi kwa ubani uliotafunwa, nikaburura mguu. Anakuja mkunga mbio, kandili mkononi, naye ni Zuleikha. Askari anamzuia.

"Wewe kandili yako nimeiona. Unakwenda wapi?"

"Nnakwenda kumpokea mtoto."

"Na huyo anayekuja, kandili yake iko wapi?"

"Akifika atakueleza mwenyewe."

Hapo wakaanguka. Bibi mmoja alicheka mpaka akaomba mto. Yote haya kwa Kiarabu changu kibovu, nacho wakakicheka bila ya kuombwa. Tangu siku ile ikawa hapana hina wala harusi Mutrah isiyomtaka askari.

Seif alikuwa karani kwenye kambi ya mafuta, kwa kuwa alijua Kiingereza. Mzungu mmoja aliyekuwa akihama akamuachia kamera ya filamu na mashine ya kuoneshea. Seif aliileta nyumbani akijua ni yake. Akapiga bahari, akapiga mlima, akapiga bahari tena, akachoka. Nikaichukua.

Ile kamera haikutaka umeme. Ilitiwa ufunguo kama saa ya ukutani. Ukiminya inanguruma kidogo, ikisimama unatia ufunguo tena. Nyinyi mnapiga mpaka mtu amalize kula. Sisi tulikuwa tukimngojea mtu, tunamtazama, tukijua sasa atafanya jambo ndipo tunaminya. Mkanda wake ulikuwa mwembamba na ulipita ndani ya kamera mara mbili. Safari ya kwanza inapigwa nusu ya upana wake, unaingia kivulini, unaugeuza, unapiga nusu ya pili. Ukishaoshwa unapasuliwa katikati na kuungwa. Sasa shikeni hili: mkanda ukishapita mara zote mbili unarudi kwenye kigurudumu chake cha mwanzo, na kwa kuutazama tu unafanana kabisa na mpya.

Mashine ya kuoneshea ilizungushwa kwa mpini, kwa mkono, na taa yake ikila betri ya gari. Gari hatukuwa nalo. Betri tukiazima.

Wanawake wa Mutrah walikubali niwapige wakiwa kichwa wazi, na dhahabu zao na wanja wao, kwa sharti moja: hapana mwanamme atakayewaona. Tukaapa. Mkanda wa kwanza nikaufunga vizuri upelekwe Ulaya, maana huko ndiko ilikooshwa mikanda. Zuleikha alikuwa akikata vitunguu. Akauliza bila ya kuinua kichwa, "Huko wanaosha wanawake?"

Hakuna hata mmoja wetu aliyelifikiria. Tulikuwa tumeziba kila dirisha la Mutrah, kisha tunataka kuwapeleka wake za watu posta. Nikaurudisha mkanda kabatini.

Aliyenitoa hapo ni Kamla Bai. Mumewe alikuwa na duka la kupigia picha sokoni. Mume akipiga, mke akiosha nyuma ya duka, na wateja wakimsifu mume. Kamla alizaliwa Mombasa, na Kiswahili chake kilikuwa cha dukani, kifupi na cha kuamrisha. Siku ya kwanza alitia kidole katika beseni langu akakitoa. "Maji yako moto. Wewe napika picha ama naosha picha?"

Maana joto la Maskati linayeyusha picha ikatelezea mkononi kama utando wa maziwa. Dawa ya Wazungu iliandikwa kwa nchi zao za baridi. Basi tukazitia chupa za dawa ndani ya jahla, ule mtungi wa udongo unaotundikwa kwenye upepo ili maji yapoe, tukangojea. Stoo yetu tuliiziba kwa mablanketi, na mle ndani tulivuja jasho kama tuliomo chunguni. Dawa ya kwanza inatoa picha kinyume, meno meusi na nywele nyeupe, bibi harusi kama jini. Dawa nyingine na mwangaza kidogo vinamgeuza mtu tena. Kamla alinikataza kucheka mle ndani, kwa kuwa nikicheka beseni linatikisika. Hakuniambia "vizuri" hata siku moja. Akisema "hivyo hivyo", nilijua nimepasi.

Salma akaposwa. Hamed alikuwa kijana wa Darsait, mpole, akipeleka vitambaa Sohar kuuza. Salma alimtaka. Halikuwa jambo la kusemwa, lakini aliacha kula mpaka posa ilipojibiwa, nami nna macho. Mama yake Hamed, Bi Shamsa, hakuwa mpole. Alikuwa mjane, hajapata kutoka Oman, na watu hawakukumbuka lini alicheka. Kiswahili hakijui, aliyoyasema nnakuandikieni kwa lugha yetu. Alipoambiwa kuwa harusi itapigwa filamu alifikiri, kisha akatoa sharti lake: mtu yeyote asiuone mkanda ule kabla yake, hata mimi.

Siku chache kabla ya harusi nilipanda juu ya paa na ndevu zangu, jua likiwa kali, Zuleikha akanipiga nikiwa askari. Nilitaka abaki kwenye mkanda, maana magoti yangu yalikwishaanza kuzungumza. Tukaumaliza mkanda pande zote mbili. Mara hodi mlangoni, wageni wa harusi wamefika. Zuleikha akautia mkanda kibatini, akaufunga uzi, akauweka pamoja na vibati vipya, akashuka kupika chai.

Ndio, huo ndio uliotiwa kamerani siku ya harusi, nyumbani kwa Bi Shamsa Darsait. Picha juu ya picha. Nami siku nzima nilishika kamera mwenyewe, na watu wote waliniona nimeishika. Tulipouosha na kuuanika, Kamla aliusogeza kwenye mwangaza akakunja uso. "Wewe natia watu wengi sana hapa," akasema. Vile vijipicha ni kama ukucha wa mtoto mchanga. Nikadhani ananung'unika tu kama kawaida yake, na sharti la Bi Shamsa lilinizuia kuuzungusha nikaona.

Tukaenda Darsait alasiri moja, mimi na Zuleikha, na mashine na betri juu ya punda. Siku zile Darsait ilikuwa visima na mashamba na nyumba chache. Hamed alikuwa Sohar. Bi Shamsa alikaa mbele, na dada yake pembeni, na wanawake wa ukoo nyuma. Salma akapitisha halua. Madirisha yakazibwa, shuka ikatundikwa, Zuleikha akashika mpini.

Kwanza wakafurahi. Kila mmoja alijiona, na kila mmoja akasema hakupigwa vizuri. Salma akaonekana ukumbini na nguo yake ya kijani. Ndipo mwanamme mwenye kilemba na ndevu akaingia katikati yao.

Akiburura mguu. Alipita baina ya wanawake walio kichwa wazi, taratibu, kama mwenye nyumba. Akasimama mbele ya Salma, akainua kandili usoni pake, na Salma akamtabasamia. Siku ya harusi alikuwa akimtabasamia somo yake aliyemfunda, lakini kwenye shuka alimtabasamia yule.

"Simamisheni," akasema Bi Shamsa. Mablanketi yakashushwa, mwangaza ukaingia. Akanigeukia. "Nani yule?"

"Ni mimi, khalti," nikasema, nikimwita kwao kama mama mkubwa.

"Wewe ulikuwa na mashine mkononi. Nilikuona kwa macho haya. Mtu hawi pahala pawili."

Nikamueleza. Nikamwambia mkanda umepita mara nyingi kuliko inavyotakiwa, kwamba ni kama kitambaa kilichopigwa chapa mbili, maua juu ya mistari.

"Kitambaa nnakijua, mwanangu anauza. Kitambaa hakitembei."

"Nilisema mimi siku ile," dada yake akaingilia. "Nilisema mlango wa uani uko wazi. Nikaambiwa nile."

Bi Shamsa akamgeukia Salma. "Funga nguo zako, urudi kwenu. Hamed akirudi atakufuata au hatakufuata, hilo ni lake. Lakini katika nyumba yangu hajapata kuingia mwanamme kwa wanawake, na hataanza kwa harusi ya mwanangu."

Salma hakulia. Aliweka sahani ya halua chini, polepole, kama kitu kitakachovunjika, akaingia ndani, nikasikia sanduku linafunguliwa.

"Khalti," nikasema, "nipe nafasi nifunge kilemba."

"Kilemba cha nini?"

"Cha huyo unayemtafuta."

Nikatoka uani. Ndevu sikuja nazo, nikamkata mbuzi wa Bi Shamsa manyoya. Ubani nikautafuna, kandili nikaichukua jikoni, kanzu ya Hamed ikatoka kambani. Nimewachekesha watu miaka mingi, lakini sikupata kuingia mbele ya watu nikiomba wasicheke. Niliomba jambo moja tu, wanione sawasawa.  Nikauacha uso, nikaitafuta miguu kwanza.

Nilipoingia, wanawake wote walijifunika shela. Walikuwa wameniona natoka, wamemsikia mbuzi akilalamika, na bado wakajifunika, na Bi Shamsa naye. Kisha wakatazamana kupitia upenyo wa nguo, wakaona haya.

"Zibeni madirisha," akasema Bi Shamsa. "Zungusheni."

Zuleikha akazungusha, nami nikatembea kando ya shuka. Askari akiburura, naburura. Akisimama, nasimama. Zuleikha kwa khofu akaupeleka mpini mbio, askari akakimbia, nami nikakimbia, na huko nyuma mtu akapiga chafya ambayo haikuwa chafya.

"Tena," akasema Bi Shamsa. Tukarudia. Safari ya tatu akanyanyuka, akaisogelea shuka mpaka picha ikamwangukia mgongoni, akaweka kidole.

"Hapa. Hiki chetezo changu."

Kwenye shuka chetezo kilikuwa chini, katikati ya ukumbi, kinafuka udi. Askari akapita juu yake. Mguu ule unaobururwa ukapita ndani ya moto, na moshi ukapanda vilevile kama hakuna kitu.

Bi Shamsa akamtazama dada yake. "Wewe umezaa wanaume wanne. Yupi aliyewahi kupita ukumbini asikimwage chetezo?"

Dada yake akachukua kipande cha halua.

"Huyo hakuwamo," akasema Bi Shamsa. Kisha kwangu, "Zitoe ndevu za mbuzi wangu." Kisha akapaza sauti kule ndani, "Na wewe Salma unafanya nini huko na sanduku? Wageni hawajapewa kahawa."

Salma akatoka na buli. Alimimina kahawa nyingine nje ya kikombe, na mavyaa yake, Bi Shamsa, akaangalia upande mwingine mpaka akamaliza.

Mkanda haukurudi Mutrah. "Utalala kwangu," Bi Shamsa akanambia.

"Una wasiwasi nao, khalti?"

"Nna wasiwasi nawe."

Lakini haukupita mwezi akaniita niende na mashine. Akasema ni wageni wanaotaka kuona harusi. Wageni hawakuonekana. Tulikaa sisi watatu, yeye na Salma na mimi, na askari alipopita juu ya chetezo nilimsikia Bi Shamsa akitoa sauti ndogo puani. Akaniita mara nyingi baada ya hapo. Khabari ikatembea, na wanawake wa Mutrah wakaanza kutaka askari awemo kwenye mikanda yao. Wakitaka apite juu ya sinia ya biriani, akae mapajani pa wifi asiyependwa, amkague bibi harusi kandili. Nikajifunza kulifanya kwa makusudi lile lililotokea kwa bahati mbaya: kujipiga mbele ya blanketi jeusi ili nitokeze peke yangu, kuweka kamera pahala palepale nilipoiweka mara ya kwanza, kufunga uzi mwekundu kwenye kibati kilichokwishapigwa. Mara ya kwanza niliweka kamera chini mno, na askari akatembea juu ya vichwa vya watu. Walikipenda hicho kuliko vyote. Kamla alisema, "Hivyo hivyo." Mpaka leo nikisikia harufu ya udongo uliorowa nnairudia stoo ile, jasho linanitiririka, Kamla ananikaripia, na usoni pangu, ndani ya beseni, mtu mmoja baada ya mmoja anatoka kwenye maji.

Mwaka wa sabini akatawala sultani mpya, mambo yakageuka. Lango likaachwa wazi, kandili zikapanda makabatini. Jamaa wakaanza kuwasili kutoka Unguja na Mombasa, mitaa ikajaa Kiswahili. Yule askari mzee nilimuona sokoni akichagua ndimu. Mguu ulikuwa mzima kabisa.

Seif akaingia kwenye ofisi mpya. Mkubwa wake akasikia kuna mkanda wa askari wa lango, mke wa Seif ndiye aliyeutengeneza, akautaka. Anataka kuwaonesha wageni mambo yalivyokuwa, katika ukumbi mkubwa, na jina langu litatajwa mwanzo. Seif alirudi nyumbani na halua.

"Ni heshima hii, mke wangu," akanambia. "Miaka yote unajipika ndani ya stoo. Leo unaitwa."

Nami niliitaka heshima hiyo. Sitakudanganyeni. Askari wangu wa peke yake wa juu ya paa hakuwepo, maana kila mkanda nilioupiga alikuwa juu ya nyuso za wanawake, na ule uliotoka vizuri kuliko yote ulikuwa wa Salma. "Mkate Salma umbakishe askari," Seif akasema. Haikatiki. Wote wawili wamo katika picha moja, huwezi kumtoa mmoja ukamuacha mwenzake.

Bi Shamsa alikuwa kitandani mwaka ule. Khabari ya mkubwa wa Seif ilipomfikia, mkanda aliurudisha kwa mkono wa Salma. Salma akauweka mapajani pangu, na mtoto wake amelala begani.

"Mama mdogo," akasema, "ukitaka uupeleke, upeleke. Mimi sitosema kitu."

Alilisema kwa sauti ileile ya polepole, kama alivyoiweka chini sahani ya halua Darsait. Nikaita watu wote wa nyumba ukumbini, wakubwa kwa wadogo, nikasimama.

"Seif, mwambie mkubwa wako mkanda una wenyewe, na wenyewe hawakualika wanaume. Zuleikha, ziba madirisha. Wanaume wote kibarazani, kahawa yenu ishatangulia. Na mpini leo aushike Salma. Akisimamisha yeye, imesimama."